Uliwahi kupasuliwa? Ulizia kovu la ndani

Mama akishajifungua kwa upasuaji mara moja, mtaani huambiwa kuwa huyo sasa ni wa kisu tu. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliandika kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa kila mara. Enzi hizo mfuko wa uzazi ulichanwa wima, kwenye sehemu ya juu yenye msuli mnene. Siku hizi wengi huchanwa kwa ulalo, sehemu ya chini, ambako ukuta ni mwembamba na haujikazi sana wakati wa uchungu. Kovu la hapo chini hustahimili zaidi.

Shida ni kwamba kovu la kwenye ngozi halikuambii lililoko ndani. Mshono mdogo uliolala chini ya kitovu unaweza kufunika mfuko uliochanwa wima. Hutokea zaidi pale mtoto alipotolewa akiwa njiti, mathalani wiki ya 28, kabla sehemu ya chini ya mfuko haijatanuka, au alipokuwa amelala mkingamo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta karatasi uliyopewa ulipotoka wodini. Iseme mfuko ulichanwa kwa mwelekeo gani, sababu ya upasuaji, tarehe, na kama mkato ulichanika zaidi ya ulivyokusudiwa. Ikiwa imepotea, rudi hospitali uliyopasuliwa uombe kumbukumbu zako zitafutwe kwenye faili au rejista ya chumba cha upasuaji. Fanya hivyo mapema, mimba ikiwa na miezi minne au mitano.

Kati ya wanawake 100 wenye kovu moja la ulalo wanaojaribu njia ya kawaida, 60 hadi 80 hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida, hata mara moja, ana nafasi kubwa zaidi, 85 hadi 90 kwa 100. Sababu ya upasuaji wa kwanza nayo ina uzito. Aliyepasuliwa kwa kuwa mtoto alitanguliza matako ana matumaini zaidi ya yule ambaye njia iligoma kufunguka. Unene uliopitiliza na mtoto mwenye zaidi ya kilo 4 hupunguza nafasi hiyo. Muda pia: ikiwa kutoka upasuaji hadi kujifungua tena ni chini ya miezi 18, hatari ya kovu kuachia huongezeka. Wengi hukosea hapa, kwani hesabu huishia siku ya kujifungua, si siku ya kushika mimba.

Wasijaribu kabisa wenye kovu la wima la juu, waliowahi kupasuka mfuko wa uzazi, na wale ambao kondo la nyuma limeziba njia. Wenye makovu mawili waamuliwe na daktari bingwa, mmoja mmoja.

Kovu moja la ulalo huachia kwa takriban mama 1 kati ya 200 wanaojaribu. Ni idadi ndogo, lakini likiachia, muda wa kuokoa huhesabiwa kwa dakika. Mtoto hukosa oksijeni, na mama huvujia damu ndani ya tumbo, hivyo shuka safi si ushahidi wa usalama. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika. Nyingine ni maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na unaofuata, uchungu kukata ghafla, damu ukeni au kwenye mkojo, mapigo ya mama kwenda mbio, au kichwa cha mtoto kilichokwisha kushuka kurudi juu.

Hii ndiyo sababu zahanati si mahali pa kujaribia. Panatakiwa chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24, mtoa dawa ya usingizi, na damu. Mama awekewe kanula, yaani mrija mdogo wa kwenye mshipa, mapema na kundi lake la damu lijulikane. Mashine ya kufuatilia moyo wa mtoto mfululizo ndiyo bora. Isipokuwepo, mkunga asikilize kila dakika 15 uchungu ukikolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Njia ipimwe kila baada ya saa 4 na kuandikwa kwenye partografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu. Ikigoma kufunguka, daktari aitwe, isiongezwe dripu ya uchungu kwa mazoea: oksitosini, dawa iliyomo kwenye dripu hiyo, huzidisha hatari ya kupasuka mara mbili hadi tatu. Dawa ya misoprostoli isitumike kuanzisha uchungu kwa mwenye kovu. Na mitishamba ya kuharakisha uchungu, tafadhali mama, usinywe, hata ukiletewa na bibi anayekupenda. Hakuna anayejua kipimo chake, nayo inaweza kuukaza mfuko kuliko kovu linavyoweza kubeba.

Upasuaji wa kupangwa ni chaguo halali pia. Kwa kawaida hupangwa wiki ya 39, mapafu ya mtoto yakiwa yamekomaa vizuri. Gharama yake huja kwenye mimba zinazofuata. Kondo likitangulia na kuziba njia kwa mama aliyepasuliwa mara moja, takriban 11 kwa 100 hukuta limezama kwenye kovu. Kwa aliyepasuliwa mara mbili, 40 kwa 100. Kondo la namna hiyo halibanduki na hutoa damu nyingi, na mara nyingi mfuko mzima huondolewa. Basi ukiulizwa kliniki unataka watoto wangapi, jibu kweli.

Anayeishi mbali asogee karibu na hospitali tangu wiki ya 38, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito. Uchungu ukianza kabla ya tarehe ya upasuaji uliyopangiwa, usingoje tarehe ifike. Nenda saa ileile, na mkunga wa kwanza utakayemkuta mwambie kwamba una kovu, ni la lini, na karatasi yako inasema mfuko ulichanwa vipi.