Wanawake wa pamba wa Wigan, saa ya chakula

Mimi ni mtu wa vitambaa. Nikiwekewa mchoro mbele yangu, nguo naziona kabla ya nyuso. Kwa hiyo mchoro wa *The Dinner Hour, Wigan* (Wigan ni mji wa Lancashire, Uingereza), aliouchora Mwingereza Eyre Crowe mwaka 1874 na ambao sasa uko Manchester Art Gallery, huwa naanza kuusoma vichwani na miguuni.

Vichwani mna nyavu. Wanawake hawa wa kiwanda cha pamba hawakuzivaa kwa urembo. Ndani, mikanda ilizunguka juu yao ikipeleka nguvu ya mvuke kwenye kila mashine, na nywele zikinaswa, mashine haikusubiri mtu. Miguuni, baadhi wana viatu vya soli ya mbao, binamu wa mtalawanda wetu ila juu vina ngozi. Wengine wako peku. Mtazamaji husema haraka, "Maskini!" Huenda ni kweli, lakini vyumba vya kusokotea vilikuwa na joto na sakafu zake ziliteleza kwa mafuta, hivyo kufanya kazi peku lilikuwa jambo la kawaida.

Mashine yenyewe haionekani. Kuna kuta za matofali, madirisha mengi, mabomba ya moshi, na polisi mmoja kwa mbali. Wanawake wameketi kwenye ukuta mfupi, wanakula, wanapiga soga. Hapo kwenye soga ndipo ninapokaa muda mrefu. Vyumba vya kufumia vya Lancashire vilikuwa na kelele kiasi kwamba wafanyakazi walizoea kusomana midomo. Basi saa hii ya chakula ndiyo saa ya kusikia sauti ya mwenzako.

Nina ugomvi mmoja na Crowe: vumbi la pamba liko wapi? Manyoya yale hunata kwenye nywele, kwenye shali, kila mahali. Aproni zake zimetakata mno. Ajabu ni kwamba mchoro ulipoonyeshwa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, hata usafi huo haukutosha. Kuna mhakiki aliyesikitika kwamba mchoraji amepoteza muda wake kwa mambo yasiyovutia.

Lakini Crowe alikwishachora wanawake walioketi nje ya kazi zao, na hao hawakuwa mapumzikoni. Mwaka 1853, akiwa Marekani kama katibu wa mwandishi Thackeray, aliingia mnadani Richmond, Virginia, akaanza kuwachora watumwa waliosubiri kuuzwa. Wafanyabiashara walimjia juu hadi akaondoka. Mchoro alioutoa katika michoro ile aliuonyesha mwaka 1861: wanawake wameketi na watoto wao, wanangoja bei.

Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya viwanda vya Lancashire. Ilipokatika, viwanda vilifungwa na njaa ikaingia majumbani. Sijui kama Crowe aliiwaza michoro hii miwili pamoja. Ningekuwa na uwezo, ningeitundika ukuta mmoja, uzi ni uleule.

Uzi huo ulifika na kwetu. Kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kililetwa Zanzibar na meli za Salem, bandari ya jimbo hilo, na wateja wakakiita merikani. Vita vile vilipokikausha sokoni, nguo za India na Uingereza ziliingia mahali pake. Jina halikuondoka: kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa bado tunakiita merikani, hata kama kimefumwa kwingine kabisa.