Kupandikiza giaboksi mpya ya otomatiki kwenye pikapu ya zamani: maana yake hasa

Kama umewahi kuendesha Toyota yenye otomatiki ya gia nne, unaijua ile taa ndogo ya O/D OFF. Ikiwaka ukiwa barabara kuu injini inapiga kelele na mafuta yanakwenda upesi, kwa sababu umejinyima gia ya nne. Gia hiyo ndiyo ovadraivu: propela inazunguka haraka kuliko injini yenyewe, hivyo injini inapumua huku gari likiendelea kukimbia.

Pikapu za Kimarekani za miaka ya 1960 na 1970 zilizotoka kiwandani na otomatiki kwa kawaida hazina gia hiyo. Zina gia tatu basi, na ya tatu ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Kupandikiza giaboksi, kwa wenye magari hayo, ni kuitoa hiyo ya gia tatu na kuweka otomatiki ya kizazi cha baadaye yenye ovadraivu, huku injini, chesisi na difu vikibaki vilevile. Huku kwetu mafundi wamezoea zaidi kuombwa kinyume chake, watoe otomatiki waweke manyuo, lakini mantiki ya kazi haitofautiani sana.

Tuchukue pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1972, yenye V8 ndogo (injini ya silinda nane) na giaboksi ya TH350, otomatiki ya gia tatu. Tairi zake zina kimo cha inchi 28 na difu ni 3.73, yaani propela inazunguka mara 3.73 ili tairi lizunguke mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka kama mara 2,780 kwa dakika. Weka 700R4, otomatiki ya gia nne, ambayo gia yake ya nne ni 0.70 (injini inazunguka mara 0.70 tu propela ikizunguka mara moja), na kwa mwendo uleule injini inashuka hadi karibu 1,950. Ni tofauti ya kuisikia redio na kutoisikia.

General Motors waliitoa 700R4 mwaka 1982, na sababu yake ni mafuta. Baada ya nchi za Kiarabu kubana mafuta mwaka 1973, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta wa magari yao, na gia ya nne ilikuwa njia mojawapo ya kufika huko. Mwenye pikapu ya 1972 anachukua dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyokuja miaka kumi baadaye.

Gia ya kwanza nayo inabadilika. Ya TH350 ni 2.52, ya 700R4 ni 3.06, kwa hiyo gari lenye mzigo linanyanyuka kwa urahisi zaidi. Ubaya ni kwamba ya pili ni 1.63, na pengo hilo ni kubwa. Aliyezoea TH350 ataona injini inadondoka ghafla gia inapobadilika.

Hata hivyo difu ndiyo inayoamua kama kazi hii ina maana. C10 yenye difu ya 3.08 tayari inakwenda kilomita 100 kwa saa kwa mizunguko kama 2,300. Ukiiongezea ovadraivu inashuka hadi karibu 1,600, na hapo V8 ya kabureta ikikuta kilima kidogo tu inakoroma, gari linarudi gia ya tatu, linapanda tena ya nne, linarudi tena. Fundi anayekuuzia giaboksi kabla hajakuuliza namba ya difu, mwache utafute mwingine.

Kufunga kwenyewe si kugumu. Matundu ya bolti nyuma ya injini ya Chevrolet V8 yanapokea TH350 na 700R4 sawasawa, na meno ya mhimili wa kutokea ni 27 kwa zote mbili, kwa hiyo yoki ya propela inaingia bila kubadilishwa. Kinachosumbua ni urefu. 700R4 imezidi TH350 ya mkia mfupi (mkia ni kipande cha nyuma cha giaboksi) kwa inchi tatu hivi, kwa hiyo propela inakatwa na kusawazishwa upya, na boriti inayobeba giaboksi inasogezwa nyuma kama inchi mbili. Ila TH350 ilitoka pia na mikia mirefu zaidi, na ile ya inchi 9 inakaribiana kabisa na 700R4 kwa urefu. Pima kabla ya kumpelekea mtu propela aikate.

Wengi wanafika hapo, gari linawaka, linakwenda, wanadhani wamemaliza. Kumbe otomatiki si chuma tu. Ili ibadilishe gia inahitaji kujua mambo mawili: gari linakimbia kiasi gani, na injini imebebeshwa mzigo kiasi gani. Kupandikiza giaboksi ni kubadilisha namna inavyopata habari hizo, na hapo ndipo pesa za watu zinapoungulia.

TH350 inaujua mzigo kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Injini ikilemewa, mvuto wa hewa ndani ya manifoldi unapungua, na giaboksi inaongeza presha ya oili. Kebo inayotoka kwenye kabureta ipo pia, lakini kazi yake ni ndogo: kurudisha gia ya chini dereva anapokandamiza aksileta mpaka mwisho. Ikikatika, gari bado linakwenda.

700R4 haina ule mpira. Ina kebo tu, na kwa macho inafanana na ile ya TH350, ndiyo maana inadanganya. Kebo hii inaamrisha presha ya oili wakati wote, kuanzia mguu unapogusa aksileta. Ikilegea, au ikifungwa mahali pasipo sahihi kwenye mkono wa kabureta, presha inakuwa ndogo huku injini ikisukuma kwa nguvu. Sahani za klachi ndani ya giaboksi zinateleza, na zinaungua kwa muda mfupi sana. Mwenye gari anahisi gia zinaingia laini mno, anafurahi. Ulaini huo ndio ugonjwa. Kabureta nyingi za dukani hazina mkono wenye pembe inayotakiwa, kwa hiyo hununuliwa kipande cha kusahihisha pembe, kisha kebo inarekebishwa ili aksileta ikifika mwisho nayo iwe imevutwa mpaka mwisho. Hilo lihakikishwe kabla gari halijatoka gereji.

Kuna na waya. Ndani ya toki konveta ya 700R4, chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, mna klachi inayofunga injini na giaboksi pamoja ili oili isiteleze bure mwendo ukitulia. Kwenye magari ya kiwandani kompyuta ndiyo iliyoifunga. C10 ya 1972 haina kompyuta. Basi unavutwa umeme wa volti 12 kupitia swichi ya breki na swichi ya presha ya gia ya nne: gari likiingia ya nne konveta inafunga, ukigusa breki inaachia. Wapo wanaoacha hatua hii. Gari litakwenda, ila ATF, yaani oili ya giaboksi, itapata joto zaidi, na joto ndilo linaloua otomatiki. Kwa pikapu inayovuta trela, ongeza kipoza oili cha nje hata kama rejeta ina chake.

Mwaka 1990 giaboksi hiyohiyo ikaitwa 4L60, na kuanzia 1993 ikatoka 4L60E, isiyo na kebo ya presha kabisa. Mzigo inausoma kwenye sensa ya throto, mwendo kwenye sensa ya mkiani, na gia zinabadilishwa na solenoidi, vali ndogo za umeme. Kwenye injini ya kabureta inabidi ununue kompyuta ndogo ya kujitegemea na kufunga sensa ya throto pembeni ya kabureta. Ni gharama zaidi, na spidomita ya kebo haina tena pa kuchomeka. Lakini mimi naiona salama kuliko kebo: ikikosa umeme inabaki gia ya tatu na unafika nyumbani, na presha unairekebisha kwa laptopu badala ya spana.

Injini ikiwa kubwa, au mzigo ukiwa mzito kila siku, watu huruka familia hii na kuchukua 4L80E ya kuanzia 1991, iliyojengwa juu ya TH400, otomatiki ya gia tatu ya kazi nzito. Ni nzito, ni pana, na sakafu huenda ikahitaji kugongwa nyundo.

Ukienda kununua iliyotumika, usiamini jina la mdomoni. 700R4 ina soketi ndogo ya mraba upande wa kushoto na tundu la kebo upande wa kulia. 4L60E ina soketi kubwa ya duara yenye pini nyingi upande wa kulia. Za 700R4, waulizie za kuanzia 1987, ambazo zilikuwa zimeshaimarishwa ndani. Zile za miaka ya mwanzo zina mhimili dhaifu wa kuingilia, na ndizo zinazouzwa bei ya kutupa.