Dhana potofu kuhusu kanuni za Kiingereza, na ukweli wake

Wanafunzi wengi wa Kongwa, Bahi au Chamwino wanapoingia kidato cha kwanza huanza kufundishwa kwa Kiingereza masomo waliyoyazoea kwa Kiswahili, na kwa walio wengi hiyo ni lugha ya tatu baada ya Kigogo na Kiswahili. Ili kuwavusha haraka, hupewa kanuni fupi za kukariri, na baadhi ya kanuni hizo si za kweli. Zinazowaumiza zaidi ni zile zinazowafanya watazame herufi mahali ambapo Kiingereza hufuata sauti.

Iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba “an” hutangulia neno lolote linaloanza na a, e, i, o au u. Ukweli ni kwamba kinachoamua ni sauti ya kwanza inayotamkwa. Chuo Kikuu cha Dodoma ni “a university”, kwa kuwa neno hilo huanza kwa sauti “yu”, ilhali saa moja ni “an hour”, kwa kuwa h yake haitamkwi. Mbunge naye, anayetajwa kila siku katika mji huu wenye Bunge, ni “an MP”, kwa sababu herufi M husomwa “em”.

Wengine huamini kwamba “im-”, “il-” na “ir-” ni viambishi vya ukanushi visivyohusiana, kila kimoja na orodha yake ya kukariri. Kwa kweli vyote ni “in-” ya Kilatini, ambayo n yake hujifananisha na konsonanti inayofuata: “incorrect”, “impossible”, “illegal”, “irregular”. Mtoto anayesema “nyumba mbaya” na “njia ndefu”, badala ya “nbaya” na “nrefu”, tayari ameizoea tabia ya n kuathiriana na sauti jirani, na naona ni hasara kubwa kumfundisha jambo hili kana kwamba ni geni kwake. Kiambishi “un-”, ambacho ni cha asili ya Kiingereza chenyewe, hakibadiliki katika maandishi: “unpopular”, “unreliable”.

Hata hivyo, si kila “in-” hukanusha. Neno “inflammable” kwenye lori la mafuta linaloelekea Singida lina maana ileile ya “flammable”, yaani kinachoshika moto kwa urahisi, kwa kuwa limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Anayelisoma kama ukanushi anaweza kuhatarisha maisha yake.

Kiambishi “-ed” nacho hakiongezi silabi kila mara. Huongeza baada ya t au d tu, kama katika “wanted”. “Walked” huishia kwa sauti ya t na “played” kwa sauti ya d. Vilevile “-er” haimtaji mtenda daima: mpishi ni “cook”, na “cooker” ni jiko.

Mwisho, husemwa kwamba sentensi haipaswi kuishia na kihusishi. Mshairi John Dryden alilalamikia mtindo huo mwaka 1672, lakini Waingereza waliutumia kabla yake na wanautumia hadi leo; “Who are you waiting for?” ni sentensi sahihi kabisa. Kosa linalostahili kusahihishwa kwenye madaftari yetu ni “discuss about”, kwa sababu “discuss” hupokea yambwa moja kwa moja: “We discussed the problem.”