Je, wajua kwa nini Hawa Mahal haina mlango upande wa barabarani?

Wageni wengi wanaofika Hawa Mahal, "Kasri la Upepo" la mji wa Jaipur nchini India, husimama barabarani wakitazama ghorofa tano na madirisha madogo 953, kisha huanza kutafuta mlango. Hapo chini wanaona maduka tu. Mlango hawataupata, maana wanachokitazama ni mgongo wa jengo.

Jaipur ilianzishwa mwaka 1727 na Sawai Jai Singh II. Hawa Mahal ilijengwa mwaka 1799 na mjukuu wake, Sawai Pratap Singh, kwa ramani ya Lal Chand Ustad. Jina la kasri ndilo linalopoteza watu. Hili halikuwa makao ya mfalme, bali kiambatisho cha jumba la kifalme lililo nyuma yake, kilichofikishwa hadi kando ya barabara ili wanawake waliotawa waone soko na maandamano bila wao kuonekana. Waliingia kwa ndani, upande wa magharibi, na watalii nao huingilia upande huohuo. Ukilitazama kwa mbele huwezi kujua kwamba ghorofa tatu za juu zina unene wa chumba kimoja tu. Kwa kweli ni ukuta wenye vyumba, wa mita 15 hivi kwenda juu, na hilo linastaajabisha kuliko idadi ya madirisha.

Wembamba huo ndio siri ya upepo wake. Puliza ndani ya chupa, pumzi itakurudia usoni. Puliza kwenye bomba lililo wazi pande zote mbili, itapita. Chumba kinene chenye madirisha upande mmoja ni chupa. Hapa hewa huingia kwenye kimiani za mawe upande wa barabara na kutokea uani, au kinyume chake.

Husemwa pia kwamba matundu membamba huugeuza upepo kuwa baridi. Hapo pana chumvi. Tundu jembamba laweza kuongeza kasi ya upepo, lakini kasi hiyo haipunguzi joto la hewa kiasi cha mtu kuhisi. Nafuu hutokana na jasho kukauka upesi, na kimiani kuzuia jua. Mwezi Mei, joto likipita nyuzi 40, upepo unaopenya ni wa moto vilevile.

Ukitoka stesheni ya reli, panda metro hadi Badi Chaupar, kituo cha chini ya ardhi kilichofunguliwa mwaka 2020 ndani ya mji mkongwe. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Piga picha asubuhi, kwa kuwa upande wa barabara unaelekea mashariki na mchana huingia kivuli. Kisha zunguka nyuma ukate tiketi. Juu hupandwa kwa njia za mteremko badala ya ngazi za kawaida, na vijia vya juu ni vyembamba: kundi moja likisimama dirishani, foleni nzima inakwama, basi wahi kabla mabasi ya watalii hayajafika.