Bendi ya Custer haikupiga Garryowen kule Little Bighorn

Kila bendi yetu ikifanya mazoezi ya wimbo wa Garryowen, lazima atokee mtu atuambie kwamba huo ndio wimbo uliokuwa ukipigwa wakati Custer, ofisa wa jeshi la Marekani, na askari wake wanauawa kwenye mapigano na Wenyeji wa Amerika kule Little Bighorn. Jamani, haukupigwa! Bendi haikuwepo hata kidogo.

Juni 1876, kikosi cha Custer, yaani Kikosi cha 7 cha Wapanda Farasi wa Marekani, kiliiacha bendi yake kwenye kambi ya mizigo kando ya mto Powder, pamoja na kiongozi wake Felix Vinatieri, mzaliwa wa Turin, Italia. Farasi wa wanabendi walipewa askari wengine. Bendi iliwaaga wenzao kwa Garryowen, kikosi kikaondoka. Siku kumi baadaye, tarehe 25, Custer aliuawa, na wapulizaji wake wako mbali kabisa.

Vita ambavyo wimbo huu ulipigwa kweli ni vya Washita, kwenye eneo ambalo leo ni Oklahoma, alfajiri ya 27 Novemba 1868. Custer aliufanya ishara ya kukivamia kijiji cha Wacheyenne, kabila la Wenyeji wa Amerika, cha chifu Black Kettle. Theluji imetanda, baridi kali. Wapulizaji wakatoa mistari michache tu, mate yakaganda ndani ya tarumbeta, muziki ukakatika. Risasi ziliendelea. Black Kettle na mkewe waliuawa. Kinachoniuma ni hiki: tunausimulia wimbo kwa kifo cha askari waliokwenda vitani, halafu tunawaruka watu waliovamiwa alfajiri nyumbani kwao, ilhali kwao ndiko ulikopigwa.

Wala si wimbo wa Custer. Ni jigi, muziki wa dansi wa kasi, ya Ireland ya karne ya 18. Garryowen ni mtaa wa Limerick, na maneno yake ni ya vijana wa ulevi na fujo. Beethoven aliupangia muziki, na vikosi vya Wairishi katika jeshi la Uingereza viliutumia kabla kikosi cha 7 hakijaundwa mwaka 1866. Sifa ya kuuleta kikosini hupewa Kapteni Myles Keogh, Mwairishi wa kikosi hicho. Huenda, ila kikosi kilijaa Wairishi, nami naona tabu kumkabidhi mmoja sifa yote.

Upigeni, ni mdundo wa sita kwa nane (6/8) mtamu sana kwa gwaride. Ila mshereheshaji akishika maikrofoni kuutambulisha, aitaje Washita.