Kuchagua jaribio la kitakwimu la kulinganisha mitazamo

Jaribio la kitakwimu hupima kama tofauti iliyoonekana kwenye sampuli ingeweza kutokea kwa bahati tu, hata kama makundi yenyewe hayatofautiani. Kwenye dodoso la mitazamo tazama kwanza majibu yana umbo gani, na kama waliojibu ni watu walewale au tofauti.

Tuseme wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba wanaulizwa kama wanaridhika na stakabadhi ghalani (mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada), kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Hicho ni kipimo cha Likert, cha tangu 1932. Namba hizo ni ngazi tu: hatua ya 1 hadi 2 si lazima ilingane na ya 4 hadi 5. Kwa kauli moja na makundi mawili, tumia Mann-Whitney, jaribio linalopanga majibu kwa ngazi badala ya kulinganisha wastani. Ukiongeza Masasi, tumia Kruskal-Wallis, ambalo hufanya hivyo kwa makundi matatu au zaidi, kisha linganisha wilaya mbilimbili kwa kiwango cha 0.05 (mpaka wa kawaida wa kuikubali tofauti) kilichogawanywa kwa 3, maana jozi ni tatu. Wakulima walewale wakihojiwa kabla ya mnada na baada ya malipo, tumia Wilcoxon ya jozi. Kai mraba, jaribio linalolinganisha idadi ya watu katika kila jibu, iachie majibu ya ndiyo na hapana. Kwenye ngazi tano haijui kwamba 4 iko juu ya 3.

Ukijumlisha kauli kadhaa za jambo moja, jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, hufaa mara nyingi, mradi kauli hasi umezigeuza alama: 5 iwe 1, 4 iwe 2. Hili husahaulika sana, na huvuruga jumla yote.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yetu, haliko kwenye jina la jaribio. Majaribio yote haya hudhani kila mhojiwa anasimama peke yake. Lakini wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao) moja huuza mnada mmoja na hucheleweshewa malipo pamoja, hivyo majibu yao hufanana. Ukihoji 20 kwa kila AMCOS, jumla 240, na ufanano wa majibu ndani ya AMCOS (0 ni hakuna, 1 ni sawa kabisa) ukawa 0.05 tu, kizidisho, yaani namba ya kugawanyia sampuli, ni 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Wale 240 wana uzito wa watu 123 hivi. Ukilipuuza hilo, thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu) hutoka ndogo kupita kiasi, na tofauti isiyokuwapo hutangazwa. Dawa ni modeli inayoihesabu AMCOS kama kundi, na haiwezekani kama jina la AMCOS halikuandikwa kwenye kila dodoso siku ya mahojiano.