Utambuzi tofautishi kwa mtoto mwenye matatizo ya tabia

Mtoto hatulii darasani, hamalizi kazi, anapigana na wenzake, au huitwa mara tatu ndipo ageuke. Nyumbani anaitwa mtukutu, shuleni mvivu, na wapo watakaosema ana mashetani. Majina hayo yote yanataja kero anayoleta, hayaelezi chanzo chake. Utambuzi tofautishi ni kazi ya daktari ya kukusanya sababu zote zinazoweza kuleta dalili hizohizo, kisha kuzichuja moja moja hadi ijulikane iliyo ya mtoto huyu.

Chukua yule anayesemwa "akili haipo darasani". Huenda ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushikilia jambo moja. Huenda pia hasikii vizuri kwa sababu ya majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Au mafindofindo yamevimba, usiku kucha anakoroma na kukatika pumzi. Na mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii kama mtu mzima, bali huzidi kurukaruka.

Kuna na kifafa kisichoangusha. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda kwa sekunde chache, kope zinapepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anadhani anaota mchana. Daktari anayeshuku hali hii humwambia mtoto avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu hivi, maana pumzi hizo huweza kuleta kifafa hicho palepale, na kipimo cha umeme wa ubongo hukithibitisha. Inaniuma kufikiria mtoto wa namna hii akichapwa kwa kutosikiliza, wakati dawa ipo.

Kwetu Afrika Mashariki orodha ni ndefu zaidi. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto matatizo ya umakini, lugha na tabia muda mrefu baada ya homa kwisha. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, anaweza kupata kiharusi kisicho na kupooza wala maumivu, dalili yake ikawa ni kushuka tu masomoni. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi ya watu kwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo unaokua. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo apimwe damu kabla ya kuhukumiwa. Msiba, kipigo na udhalilishaji navyo humfanya mtoto aishi kwa kushtukashtuka, na ukimtazama juujuu utasema ni ADHD.

ADHD yenyewe haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuithibitisha. Mwongozo wa DSM-5, kitabu cha madaktari cha kutambua matatizo ya akili kilichotolewa Marekani mwaka 2013, unataka mtoto awe na dalili zisizopungua 6 za kukosa umakini, au 6 za kutotulia, zilizodumu miezi 6 au zaidi, baadhi zikiwa zimeanza kabla ya umri wa miaka 12 na kuonekana katika mazingira mawili au zaidi. Sharti hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Anayesumbua shuleni tu, nyumbani na madrasa akiwa mtulivu, shule yake ichunguzwe: anaonewa? Haoni ubaoni? Anafundishwa kwa lugha asiyoielewa? Umri nao utazamwe, kwani utafiti wa British Columbia, Kanada, uliochapishwa 2012, uliona kwamba wadogo wa darasa walipewa jina la ADHD mara nyingi kuliko wakubwa wao.

Kwa hiyo jibu la dakika kumi silo la kuliamini. Mzazi na mwalimu wajaze dodoso kila mmoja kivyake, masikio na macho yapimwe, na daktari aulize habari za ujauzito, kuzaliwa, usingizi na mabadiliko ya nyumbani. Kenya, vituo vya EARC huwapima watoto wenye shida za kujifunza. Ukienda, beba daftari la shule na video ya simu ya lile tukio linalokutia wasiwasi. Daktari huenda asilione siku hiyo.

Na sababu zinaweza kuwa mbili kwa pamoja. Mwenye usonji anaweza kuwa na ADHD pia, jambo ambalo toleo la DSM lililotangulia halikuruhusu liandikwe. Mtoto aliyetolewa mafindofindo, akalala vizuri kwa miezi kadhaa na bado hatulii, arudishwe kwa daktari, uchunguzi uendelee.